Kabla ya kununua mfumo mwingine wa hospitali, tuafikiane lugha ya rekodi

Kwa Mhariri,

Nilifanya kazi ya rekodi za afya kwa miaka 28, sehemu kubwa yake katika masijala za hospitali za hapa Nairobi, na ninaandika barua hii kwa sababu ya nukta moja iliyowekwa mahali pasipofaa. Mwaka jana kaka yangu, ambaye ameishi na kisukari kwa muda mrefu, alipewa rufaa kutoka kliniki anayohudhuria huku Eastlands aende hospitali kubwa zaidi, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Kliniki ile ina tarakilishi, na hospitali nayo ina tarakilishi. Hata hivyo, taarifa zake zilisafiri kutoka jengo moja hadi jingine ndani ya bahasha ya kaki niliyoibana kwapani katika matatu.

Cheti cha maabara kilichokuwa ndani ya bahasha hiyo kilionyesha sukari ya 126, yaani miligramu katika kila desilita ya damu. Mfumo wa hospitali ulikuwa umetayarishwa kupokea milimoli katika lita, kwa hiyo ulikataa tarakimu hiyo kana kwamba haiwezekani. Karani aliyekuwa akinakili, kijana mwenye foleni ndefu mbele yake, alitia nukta na kuandika 12.6. Ukweli ni kwamba 126 ya kipimo cha kwanza hugawanywa kwa 18 ili kupata kipimo cha pili, na jibu lake ni 7.0. Kwa nukta hiyo moja, mtu aliyekuwa ameidhibiti sukari yake kwa nidhamu kubwa alionekana kama mgonjwa aliyeshindwa na dawa, na daktari alikuwa ameshaanza kuandika nyongeza ya insulini. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, aliomba kuiona karatasi ya awali kabla ya sindano kutolewa. Waliowahi kumwona mtu sukari ikimshuka ghafla usiku, akitokwa na jasho na kushindwa kuongea, wanajua muuguzi huyo alituepusha na nini.

Simlaumu kijana yule. Ninalaumu mpangilio unaomfanya binadamu mchovu kuwa daraja kati ya mashine mbili zisizoelewana, ilhali dawa ya tatizo hili imekuwapo kwa miaka mingi na haiuzwi. Kipimo cha maabara kinaweza kusafiri kikiwa na msimbo unaotaja ni kipimo gani hasa, na kizio chake, kama vile miligramu katika desilita au milimoli katika lita, kikiwa kimeandikwa kwa namna ambayo mashine yoyote itaitambua. Orodha ya misimbo iitwayo LOINC, ambayo taasisi ya Regenstrief ya Indiana nchini Marekani iliianzisha mwaka 1994 na ambayo hutolewa bila malipo, hukipa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu msimbo 4548-4. Maabara moja ikikiita kwa kifupi na nyingine ikakiandika kwa jina refu, msimbo unabaki ule ule. Magonjwa nayo yana orodha ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Kuhusu namna ya kuvifunga vyote hivyo katika kifurushi kimoja kinachoweza kutumwa na kupokelewa, kuna kiwango kiitwacho FHIR, ambacho mtaalamu wa Australia, Grahame Grieve, alianza kukibuni mwaka 2011 na ambacho shirika la HL7 hukichapisha kwa ruhusa ya mtu yeyote kukitumia, kukinakili na kujenga juu yake. Hivi ndivyo ninavyoviita viwango huria: kanuni zilizoandikwa hadharani, ambazo kampuni ya Upper Hill, mwanafunzi wa chuo kikuu na hospitali ya misheni huko Turkana wanaweza kuzisoma kwa usawa bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakazi wa jiji hili hawahitaji kufundishwa gharama ya kutoafikiana vipimo. Abiria anayetoka Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hufika Syokimau akashuka na mizigo yake, kisha akapanda treni nyingine ili afike katikati ya jiji. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ile ya mkoloni ina milimita 1,000, na hakuna behewa linaloweza kupita kwenye zote mbili. Rekodi za wagonjwa wetu hushushwa Syokimau kila siku. Tofauti ni kwamba reli ni chuma na zege, na kuing'oa ni gharama isiyosemeka, lakini makubaliano kuhusu jinsi ya kuandika tarehe ya kuzaliwa, jina la dawa au kizio cha sukari yanahitaji watu kuketi mezani na kumaliza kazi.

Nimesikia viongozi wakisema kwamba dawa ni kuwa na mfumo mmoja nchi nzima. Ninaelewa kwa nini wazo hilo linavutia, lakini siliafiki. Huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti 47 tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, na juu yake kuna hospitali za makanisa, zahanati za watu binafsi, maabara na maduka ya dawa. Zahanati ya vitanda vitano haiwezi kutumia programu ile ile inayotumiwa na hospitali ya vitanda elfu moja, wala haifai kulazimishwa. Isitoshe, nchi inayoegemea mfumo wa mwenye zabuni mmoja hubaki ikimtegemea. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika ripoti iliyotolewa mwaka 2025, alionya kwamba umiliki wa mfumo mpya wa kitaifa wa afya haumo mikononi mwa serikali inayoulipia. Onyo hilo lilijadiliwa sana kwa upande wa fedha. Mimi nililisoma kama karani wa masijala: mwenye makabati akiondoka na funguo, mafaili ni ya nani? Pale viwango vilipo wazi, mkandarasi anaweza kubadilishwa na rekodi zikabaki, kwa sababu mrithi wake atazisoma.

Inanisikitisha zaidi kwamba nchi hii imewahi kuwa kielelezo cha kazi ya aina hii. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Indiana walianzisha rekodi za kielektroniki za wagonjwa wa kawaida wa kijijini, wakati ambapo hospitali nyingi za mataifa tajiri zilikuwa bado zinabeba mafaili. Kutokana na mafunzo ya hapo, na kwa ushirikiano na shirika la Partners In Health, programu huria ya OpenMRS ilianza kujengwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikawa inatumika Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za virusi vya Ukimwi nchini, imejengwa juu yake. Nilipokuwa kazini niliona tofauti hiyo ndani ya ua mmoja: kliniki ya Ukimwi ilijua mgonjwa wake alichukua dawa lini na kipimo chake cha mwisho kilisema nini, huku mgonjwa wa presha, mlango wa pili, akifungua daftari la shule lililochanika jalada ili daktari aone aliandikiwa nini mwezi uliopita. Fedha za wafadhili zilifuata ugonjwa mmoja. Msaada wa Marekani uliposimamishwa Januari 2025, makarani wengi wa data katika kliniki hizo walipoteza kazi, na hilo lilikuwa pigo kubwa. Lakini programu yenyewe haikuweza kuondoka na mfadhili, kwa kuwa kila mstari wake uko wazi na waandishi wake wengi ni vijana wetu. Huo ndio urithi ambao kaunti zinaupuuza zinapotangaza zabuni za mifumo iliyofungwa.

Sheria nazo hazikosekani. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 iliunda shirika mahususi la kusimamia afya ya kidijitali na kuagiza kuwepo mfumo jumuishi wa taarifa za afya. Kabla yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 38, ilimpa kila mtu haki ya kupokea data zake kwa muundo uliopangwa, unaotumika kwa kawaida na unaosomeka na mashine, na kuzihamishia kwingine. Nimekuwa nikijiuliza ni wagonjwa wangapi wanaojua kwamba picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haitimizi haki hiyo. Kaka yangu alikuwa na haki ya kwenda hospitalini akiwa na 126 yake pamoja na kizio chake, na wala hakuijua.

Wapo watakaoogopa neno huria, na hofu yao ninaiheshimu, kwa sababu nimeitunza siri ya wagonjwa maisha yangu yote. Kinachofunguliwa ni kanuni ya kuandika. Kilichoandikwa ndani kinabaki kati ya mgonjwa na wanaomtibu. Kila mtu anajua sarufi ya Kiswahili, na bado barua yangu kwa mke wangu haisomwi na jirani. Ni lazima kila anayefungua rekodi aache alama ya jina lake na saa aliyoifungua, na mgonjwa aweze kuziona alama hizo. Katika masijala tulikuwa na kitabu cha kutoa mafaili kilichofanya kazi hiyo hiyo, na aliyechukua faili bila kutia sahihi alijibu.

Ombi langu kwa Shirika la Afya Dijitali na kwa wakuu wa afya wa kaunti, kuanzia hii yetu ya Nairobi, ni kwamba viwango vitakavyotumika vichapishwe kikamilifu katika wavuti, pamoja na mifano na uwanja wa majaribio, na kila zabuni mpya iweke sharti kwamba mfumo ujaribiwe hadharani, ukituma na kupokea rekodi za mgonjwa wa kubuni kwenda na kutoka mifumo mingine miwili ambayo mzabuni hakuijenga. Asiyeweza asilipwe. Hatua hiyo ya majaribio ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa nimehudhuria uzinduzi wa mifumo mingi ambapo utepe ulikatwa, picha zikapigwa, na wiki iliyofuata tukarudia daftari.

Kazi ya kuafikiana nayo isiachiwe wataalamu wa tarakilishi peke yao. Kila maabara ya jiji hili ina majina yake ya vipimo, vifupisho vyake na mazoea yake, na wanaoyajua ni wahudumu wa maabara, wauguzi na makarani waliokaa nayo miaka. Waitwe pamoja na wahandisi wa programu na walimu wa vyuo vikuu, waketi mezani, orodha hizo zilinganishwe jina kwa jina na msimbo kwa msimbo, na matokeo yawekwe wazi ili yasahihishwe na yeyote atakayeona kosa. Mimi na wenzangu kadhaa tuliostaafu bado tuna orodha tulizokuwa tukiandika kwa mkono, zenye majina yote tuliyowahi kukutana nayo ya kipimo kimoja cha sukari. Tuko tayari kuzileta siku yoyote tutakayoitwa.

Wako mwaminifu,
Afisa mstaafu wa rekodi za afya,
Buruburu, Nairobi