Barua kwa Mwanangu: Balagha na Ombi la Chumba cha Kusomea

Kibokoni, Mombasa

Kwa binti yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na mamako ameniagiza nikwambie kwamba achari ya maembe itakufikia kwa basi la Ijumaa. Nimezipokea karatasi zako mbili: orodha ya istilahi za balagha mnazotahiniwa mwezi ujao, na rasimu ya ombi mnalomwandikia msimamizi wa bweni ili chumba cha kusomea kisiwe kikifungwa saa tatu za usiku. Istilahi umeniomba nizieleze. Rasimu umeniomba niitazame tahajia tu. Tahajia yako haina kasoro. Kasoro nilizoziona ni zile zile ambazo orodha yako inazitaja kwa majina, kwa hiyo karatasi zote mbili nitazijibu kwa pamoja.

Balagha ni neno lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufika, ule ule uliotupa neno kubaleghe. Aliyebaleghe amefika utu uzima, na maneno yenye balagha yamemfika anayeambiwa. Wanavyuoni wa Kiarabu waliieleza kuwa ni maneno fasaha kuoana na hali yanamosemewa, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoifundisha kana kwamba ni mapambo ya tashbihi, sitiari na takriri ya kubandikwa juu ya insha iliyokwisha kuandikwa. Pambo lisilooana na hali halimfikii mtu, hata likiwa zuri namna gani.

Wayunani nao walikuwa na elimu yao ya jambo hili, na humo ndimo yalimotoka majina matatu uliyoyapigia mstari. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa itibari, yaani imani, anayopewa na wasikilizaji, ambayo ndiyo ethosi, kwa hisia anazoziamsha ndani yao, ambazo ndizo pathosi, na kwa hoja yenyewe, ambayo ndiyo logosi. Wewe umeandika pembeni kwamba ethosi ni "sifa za msemaji", na hapo umekosea kidogo, lakini ni kosa lenye gharama. Aristotle alitaka itibari ijengwe ndani ya maneno yenyewe, si kwa sifa ambazo mtu alikuwa nazo kabla hajafungua kinywa, na akataja mambo matatu yanayoijenga: busara, wema na kumtakia heri msikilizaji. Hii ni bahati yenu. Msimamizi hawajui, nanyi ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza msio na jina, lakini barua inaweza kuwapa itibari ikionyesha kwamba mmeyafikiri mambo kwa utulivu na kwamba hata yeye hamkumsahau.

Unajua kwamba kwa miaka mingi niliwaandikia watu barua kwa taipureta. Siku moja alinijia fundi cherehani aliyekuwa amechelewesha kodi ya miezi miwili, akitaka mwenye nyumba ampe muda. Nilikuwa kijana na nilijiona hodari, nikaijaza barua ile machozi: watoto, njaa, mvua, mke mgonjwa. Jibu lilikuja kwa maneno mawili, "Lipa kodi." Tuliandika upya. Mara ya pili tulisema kwamba amekaa pale miaka tisa, kwamba stakabadhi zake zote anazo, kwamba kazi ya sare za shule huanza Disemba, na kwamba angelipa nusu kabla ya mwezi kwisha. Watoto walitajwa mara moja tu, mwishoni. Alipewa muda. Sisemi kwamba hisia ni udanganyifu, kwa maana watoto wale walikuwapo na njaa ilikuwapo. Nasema kwamba pathosi iliyotangulia itibari humfanya msomaji ajihadhari, kama unavyojihadhari na mchuuzi anayeanza kuapa kabla hujamuuliza bei.

Sasa nije kwenye kosa kubwa la rasimu yako. Aristotle alizigawa hotuba katika aina tatu: ya mahakamani, inayohukumu yaliyopita, ya barazani, inayoshauri lifanywe nini baadaye, na ya hafla, inayosifu au kulaumu. Hebu soma vitenzi vyako: "mlifunga", "mlipuuza", "hamkutujibu", "mlituahidi". Katika sentensi kumi na moja, nane ni za mahakamani, ilhali mnachokitaka kiko barazani, yaani kwamba kuanzia muhula ujao mlango ufungwe saa tano. Mmemweka kizimbani mtu yule yule mnayemhitaji awe mshauri mwenzenu, na mshtakiwa hujitetea tu. Badilisha nyakati za vitenzi, na utaona barua nzima inageuka sauti.

Kuhusu neno enthumema, lililokutisha, twende kwa wauza samaki wa Mji wa Kale. Muuzaji hukwambia, "Tazama macho yake yalivyo maangavu," kisha hunyamaza. Hasemi kwamba samaki mwenye macho maangavu hajalala, kwa kuwa nguzo hiyo ya hoja anajua unayo wewe mwenyewe, na ukishaimalizia hoja kwa akili yako unaiona ni yako. Hiyo ndiyo enthumema: hoja ambayo sehemu yake huachiwa msikilizaji. Methali zetu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Lakini mgeni asiyewajua samaki atayatazama macho yale na asishawishike hata kidogo, kwa sababu nguzo iliyofichwa hana. Wewe umeandika, "Mitihani imekaribia, kwa hiyo chumba kisifungwe." Kwa mwanafunzi hoja hiyo imekamilika. Msimamizi hajui kwamba vyumbani mnalala wanne na kwamba mmoja akilala taa huzimwa. Mwandikie.

Swali la balagha ni swali lisilongoja jibu, nawe umeuliza, "Je, mnataka tufeli?" Ni hatari kumuuliza hivyo mtu mwenye uwezo wa kujibu. Chuku nayo, yaani kukuza jambo kupita kiasi, iko katika "wanafunzi wote wanateseka". Katika shairi ningeipenda. Katika ombi, akimjua mwanafunzi mmoja tu asiyeteseka, hata yaliyo kweli atayatilia shaka.

Kilichokosekana kabisa ni hoja kinzani. Nahisi msimamizi anafikiria gharama ya umeme na mlinzi atakayekesha mlangoni. Wewe hukuyagusa, kana kwamba usipoyataja yatasahauliwa. Yatangulie. Sema kwamba mko tayari kukifunga chumba wenyewe kwa zamu na kumkabidhi mlinzi ufunguo, ikiwa kweli mko tayari, maana ukiahidi usilolitimiza utakuwa umeiuza itibari ya wenzako wote.

Takriri, tashihisi na tabaini sizielezi, kwani maelezo yako juu yake ni sahihi.

Nimeirudisha rasimu pamoja na barua hii, nimeikata kwa kalamu nyekundu zaidi ya utakavyopenda. Sentensi ya sita, inayosema kwamba kila usiku mnafungiwa mlango mkiwa mmebakiza kurasa chache, sikuigusa. Ianze barua kwa sentensi hiyo.

Ni mimi babako.