Nimepata ufadhili wa masomo wa aina mbili, Baba anajua mmoja tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Tanga. Tunaishi Houston, Texas, tangu nikiwa na miaka tisa, Baba aliposhinda bahati nasibu ya viza ya Marekani. Uraia tumeshapata. Nisamehe kama Kiswahili changu kina makovu, nyumbani tunakizungumza lakini kukiandika ni nadra.

Mei hii namaliza shahada ya baiolojia, na tayari nimekubaliwa kusomea udaktari kwenye chuo cha binafsi ambako ada peke yake inapita dola 60,000 kwa mwaka. Huku daktari kijana akikuambia anadaiwa dola 200,000 humshangai, unamuuliza tu kama analala. Baba yangu anaendesha lori usiku. Mama anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo niliomba ufadhili wa jeshi la Marekani, na jopo lao limenikubali.

Ufadhili wenyewe uko hivi. Jeshi linalipa ada yote na vitabu, linakupa posho inayozidi dola 2,000 kila mwezi, na ukichukua wa miaka minne unapewa dola 20,000 siku za mwanzo. Mimi hizo naziita kishika uchumba, maana ukishazila umeposwa. Malipo yake ni mwaka kwa mwaka: wamekusomesha minne, unawatumikia minne, na miaka ya kusomea ubingwa haihesabiwi humo. Unaapa ukiwa Luteni Usu wa akiba, ukihitimu unakuwa Kapteni. Babu yangu mzaa baba alipigana Kagera mwaka 1978 na 1979, akarudi koplo mwenye mguu mbovu, na mpaka anafariki hakuwahi kutusimulia hata siku moja. Baba akilitamka hilo neno Kapteni, sauti inambadilika.

Sasa huu wa pili. Mwaka jana mwalimu wangu mmoja alinisukuma niombe Ufadhili wa Marshall, ule ambao Uingereza iliuanzisha mwaka 1953 kuwashukuru Wamarekani kwa msaada wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wanaoupata hawazidi 50 kwa mwaka, Marekani nzima. Niliomba nikijua sitapata. Novemba nikaitwa kwenye usaili hapa hapa Houston, Mama akanipigia pasi shati, Baba tukamwambia ni mambo ya chuo. Desemba simu ikaita. Nimepata miaka miwili kwenye chuo kimoja London, nikasome magonjwa ya kitropiki, na nia yangu hasa ni malaria.

Shangazi, kwetu ni Muheza. Nikiwa mdogo nilikuwa najua harufu ya wodi ya watoto kuliko harufu ya darasa. Tafiti za malaria ninazozisoma leo kwenye majarida, nyingi zimetoka palepale, Muheza, Korogwe na Amani, na mara nyingi jina la chuo hicho cha London limo pembeni. Nilipoona hivyo kwa mara ya kwanza nilitoka maktaba nikaenda kukaa chooni, nikalia.

Tatizo ni kwamba mambo haya mawili hayangojani. Marshall haiahirishwi: unakwenda mwaka huu au unawaachia wengine. Chuo cha udaktari kimeandika kwamba kitanishikia nafasi mwaka mmoja, wa pili niombe tena nione watakavyosema. Na afisa mwandikishaji wa jeshi ameniambia nafasi yangu ni ya bajeti ya mwaka huu. Nikisogeza, faili linarudi mwanzo: vipimo vya afya upya, barua za mapendekezo upya, jopo upya, bila ahadi. Najua naye ana idadi ya watu anayotakiwa kufikisha, kwa hiyo maneno yake nayapunguza chumvi kidogo. Daktari mmoja mwanajeshi aliyekwishamaliza deni lake la miaka aliniambia wapo wanaoomba tena na kupata, na kwamba hata ukiwa umeshaanza udaktari unaweza kuomba ufadhili wa miaka mitatu ukatumikia mitatu. Nilipomuuliza "Kwa hiyo niende?" alicheka tu.

Tena jeshi si kwamba linanikatisha tamaa ya malaria. Wanasayansi wa jeshi hili hili, taasisi yao ya Walter Reed, ndio walioitengeneza mefloquine, dawa ya malaria, na walishiriki kwenye RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2021. Wana maabara hadi Kenya. Kwa hiyo siwezi kumwambia Baba kwamba gwanda litaniua ndoto. Nimejaribu hoja hiyo mbele ya kioo, haisimami.

Na hapa ndipo ninapojishuku mwenyewe. Usiku najiuliza: ninaikimbilia London, au ninalikimbia jeshi? Kwa sababu ukweli ni kwamba tangu nipate tarehe ya kuapa tumbo linaniuma. Nawaza kupelekwa nisikokujua. Nawaza Babu na ule mguu. Nikipiga hesabu, bila London nitakuwa huru nikiwa na miaka 33 au zaidi, nikipitia London ni 35. Mama kwenye hesabu hiyo ameuliza swali moja tu, na unalijua. Halafu asubuhi nafungua barua ya London, tumbo linatulia. Sasa sijui kama huko kutulia ni wito au ni woga umepata pa kujificha.

Upande wa Baba ni mzito. Mkopo wa shahada hii ya kwanza ameudhamini yeye, jina lake liko chini ya langu. Zile dola 20,000 ameshazigawa kichwani: nusu kwenye mkopo, nyingine kwenye nyumba ya Tanga, maeneo ya Kange, iliyoishia kwenye lenta tangu nikiwa sekondari. Hajui kwamba zinakatwa kodi, na sijampa habari hiyo pia. Ameshaomba ukumbi ambako Watanzania wa hapa hufanyia shughuli, kiapo kifanyike pale mbele ya watu, kwa kuwa sheria inaruhusu afisa yeyote akuapishe popote. Amenunua suti. Baba yangu, Shangazi, hata kwenye harusi ya mdogo wake alivaa kaunda suti ya zamani.

Mama anasema nimwambie sasa. Rafiki yangu anasema niape kwanza halafu niwaombe jeshi ruhusa ya miaka miwili, na hilo naliona kama kuolewa huku umefungasha begi la kuondoka. Mimi nimekuwa nikisema "kesho" tangu Krismasi.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, mtu anapimaje kama anachokitaka anakitaka kweli, au anakimbia kingine? Pili, nikiamua London, nimwambieje Baba bila kumfanya aone kwamba nimempimia deni lake na ndoto yake nikaviona vyepesi? Nimwambie peke yetu, au nimtafute kwanza baba mdogo aliye Tanga amwandae?

Kiapo ni baada ya wiki tatu. London wanataka jibu kabla ya hapo. Mama jana ameniuliza tena mchele aagize kilo ngapi, nikamwambia asubiri kidogo.

Mimi mwanao,
Binti wa Muheza, Houston