Zuhura, ile kauli yako ya jikoni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama goti linamsumbua, anakusalimu. Usidhani nimenuna kwa kukaa kimya tangu arusi ya Mwanaisha. Ni ile kauli yako tulipokuwa tukichagua mchele, kwamba Wahindi wanaoandika riwaya kwa Kiingereza hukimbilia miungu na visasili wakiogopa siasa. Imenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nimekirudia kile cha Shashi Tharoor cha 1989, *The Great Indian Novel*. Mahabharata nzima, ule utenzi wa kale wa Wahindi wa vita vya ukoo mmoja wa kifalme, kaitia ndani ya siasa za India. Mfalme kipofu Dhritarashtra ndiye Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Duryodhana, mwana wa huyo kipofu, kawa mwanamke, Priya Duryodhani, na humo unamwona Indira Gandhi waziwazi, binti Nehru aliyekuja kuwa waziri mkuu. Halafu Draupadi, yule malkia wa utenzi, kapewa jina la pili, Mokrasi. Chukua herufi ya kwanza ya Draupadi, uiweke mbele ya Mokrasi, usome kwa sauti. Mie niliinuka kitini! Unamkumbuka Draupadi wa zamani, aliyepotezwa na mumewe kwenye kamari, sari inavutwa mbele ya baraza, wazee kimya? Sasa mfikirie huyo Mokrasi wakati wa Hali ya Hatari aliyoitangaza Indira, 1975 hadi 1977, magazeti yamezibwa mdomo na wapinzani wako jela. Huko ndiko kukimbia siasa?

Na Salman Rushdie je, na *Midnight's Children* yake? Watoto 1,001 wamezaliwa saa ya kwanza ya uhuru, 15 Agosti 1947, kila mmoja na karama yake, kisha anakuja Mjane, ambaye ni Indira huyohuyo, kuwafunga uzazi waliosalia. Zuhura, enzi hizo za Hali ya Hatari watu walifungwa uzazi kwa mamilioni, wengi kwa kulazimishwa. Indira alikwenda mahakamani Uingereza kwa sentensi moja tu ya kitabu hicho, iliyomhusu yeye, mumewe na mwanawe, ikaja kufutwa. Mjane mzima kabaki kitabuni.

Hapo labda una haki kidogo, kisasili kinasitiri. Lakini kinamsitiri nani, mwandishi au ukweli? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Na *Kanthapura* ya Raja Rao, 1938, Mahatma Gandhi anaingia kijijini kwa mdomo wa msimulizi wa hadithi za miungu, naye anamsimulia kana kwamba ni mmoja wa miungu hao. Wanakijiji wanapata ujasiri, naam, ila kiongozi akishafanywa mungu... basi, tutaongea.

Ulikimaliza hicho cha Raja Rao? Yule bibi anayekisimulia kitabu kizima ulimpenda? Bado unasimamia kauli yako? Na nakala yako ya Rushdie iko wapi, maana yangu imepotea? Mpe Salim, anakuja Tanga Alhamisi.

Wako,
Mwanajuma