Kikao cha Jumamosi: kitabu kimoja, siku moja

Hamjambo jamaa. Kikao cha maoni yetu kwa kaunti kuhusu kliniki za sukari na presha ni Jumamosi baada ya alasiri, Likoni, pale pale pa siku zote.

Wiki jana nilimsindikiza mama mdogo kliniki. Mkobani ana vitabu viwili, cha sukari na cha presha. Jumanne avuke feri kwa sukari, Alhamisi avuke tena kwa presha, na daktari wa huku hajui wa kule ameandika nini. Tulipomwaga dawa mkekani tukakuta dawa ile ile mara mbili, kila kliniki imempa yake. Na miguu yenyewe imemvimba, masikini. Hili tulisemee kwa nguvu: maradhi yote mawili yaandikwe kitabu kimoja na yatibiwe siku moja.

Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inatupa pa kushikia: imeweka mitandao ya kuunganisha zahanati, vituo vya afya na hospitali. Wahudumu wa afya ya jamii nao walipewa mashine za presha na sukari. Vipimo wanavyochukua majumbani vimfikie daktari.

Kila mmoja aje na kitabu chake na pakiti za dawa. Wa Kisauni na Jomvu, nijulisheni mko wangapi kabla ya Alhamisi nipange matatu.