Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Uchapaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibuni sana. Kazi zote zilizotundikwa leo zimechapwa kwenye karatasi za manjano. Wazazi kadhaa wametuuliza kama karatasi nyeupe zilikosekana dukani. Hazikukosekana. Rangi hii tumeichagua kwa heshima ya kazi moja ya zamani, na tunaomba ruhusa yako tuieleze.

Mwanzoni mwa mwaka 1889, mchoraji Mfaransa Paul Gauguin alikuwa Paris, ana umri wa miaka 40, mfukoni hana kitu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, pamoja na mchoraji mwenzake Vincent van Gogh. Mdogo wake Vincent, Theo, aliyekuwa mfanyabiashara wa picha, akamhimiza achape michoro ili kazi zake zifike kwa watu wengi. Gauguin alikuwa hajawahi kuchapa. Alitoa picha 10 na jalada lake, kwa bamba za zinki na karatasi ya manjano iliyokolea.

Bamba huchorwa kwa chaki au wino wenye mafuta, kisha hulowanishwa. Kwa kuwa maji na mafuta havipatani, rola ikipita, wino hushika palipochorwa tu. Gauguin aliuzimua wino akaupaka kwa brashi, nao ukaacha mabaka na chembechembe kama mchanga. Hakuyaficha. Mabaka hayo ndiyo yaliyotushika sisi kuliko kitu kingine chochote.

Picha kadhaa zinahusu Bretagne, mkoa wa pwani kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ambako alianza kwenda mwaka 1886. Katika moja, wanawake wako kwenye kizuizi cha shamba, wamevaa kofia zao za kitambaa. Kofia hizo kwa kawaida ni nyeupe, lakini hapa ni za manjano, kwa sababu ni karatasi tupu isiyoguswa na wino! Tuliitazama picha hiyo kipindi kizima. Nyingine mbili zinabeba jina la misiba ya bahari. Mojawapo ina umbo la kipepeo cha kujipepea, na ndani yake mtu na chombo chake wamo katika kimbunga cha maji. Aliyeishi karibu na wavuvi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka huohuo Paris ilikuwa na maonesho makubwa ya dunia, yale ya mnara wa Eiffel. Gauguin na wenzake walitundika kazi zao katika mkahawa wa Bwana Volpini, ndani ya viwanja hivyo. Aliyetaka kuziona picha za zinki alilazimika kuziomba.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi hatuna zinki. Tunachonga soli za kandambili kuukuu, tunapaka wino, tunalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka vidole viume. Mabaka mtakayoyaona hatukuyafuta.

Tunaomba utusaidie kupata mashine ndogo ya kuchapia, rola mbili na wino. Tunaomba pia chumba chenye kamba za kuanikia, maana sasa tunaanika kazi zetu kwenye madawati, na asubuhi huwa zimeshakaliwa.

Tunaomba kuwasilisha.