Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mkojo wa vichanga wa Kigoma upimwe ipasavyo

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Ujiji. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zetu hazikujibiwa, na kwa kuwa wiki iliyopita binti yangu, mwenye ujauzito wa tatu, aliambiwa kliniki kwamba hakuna kipimo atakachofanyiwa mtoto wake akizaliwa. Wawili waliotangulia tumewazika. Wote waligeuka macho ya njano, wakatapika kila waliponyonya, wakalegea hadi wakapoteza fahamu.

Hospitalini walipima malaria, kisha wakatumbukiza kijiti kwenye mkojo wakaandika kuwa hauna sukari. Mheshimiwa, kwa upande wa sukari kijiti kile hutambua glukosi peke yake. Mtoto aliyerithi galaktosemia hushindwa kutumia galaktosi itokanayo na maziwa; sukari hiyo hutoka kwenye mkojo bila kijiti kuiona, huku mama akihimizwa aendelee kunyonyesha maziwa yanayoharibu ini la mwanawe. Sina hakika kama huo ndio ugonjwa uliowaua wajukuu zangu. Huenda ndio, na kinachonichoma ni kwamba hakuna aliyeangalia.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Kemikali ya Benedict, ambayo ikichemshwa na mkojo wenye galaktosi huacha rangi yake ya buluu na kuelekea wekundu wa matofali, ipo kwenye kabati la maabara ya shule yetu, na wanafunzi wangu huitumia kupima vyakula. Wodi ya watoto inaikosaje? Haitoi jibu la mwisho, kwani sukari nyingine na baadhi ya dawa nazo huweza kuibadili rangi, lakini inatosha kumfanya daktari asitishe maziwa, aagize maziwa ya soya na kupeleka sampuli maabara kubwa. Sharti mkojo uchukuliwe mtoto angali ananyonya, maana akibaki na dripu tu galaktosi hutoweka. Kemikali rahisi imewahi kufichua ugonjwa kwenye mkojo: huko Norway, mwaka 1934, daktari Asbjørn Følling aligundua ugonjwa mwingine wa kurithi, fenilketonuria, baada ya kutia kloridi ya feri kwenye mkojo wa ndugu wawili na kuuona ukigeuka kijani.

Kiongozi aliyekuja kutupa pole msiba wa pili alituahidi kuwa vipimo vya namna hii vitaletwa. Bado tunavingoja. Ikiwa ni galaktosemia, kila mimba ya binti yangu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Naomba kemikali hiyo na maelekezo ya kuitumia vifike wodini kabla hajajifungua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu na babu, Ujiji