Marumaru Mtachagua Mwisho

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu Hamisi na wifi yangu Rehema,

Shikamoo nyingi zimfikie Mama, nanyi nawasalimu sana. Huku sote wazima, baridi ndiyo imeanza kung'ata lakini tumeshazoea. Nimeona niandike barua badala ya kurekodi sauti, maana kundi letu la familia mnalijua: ukitaja bafu, shangazi ataleta la kwake, mjomba ataleta bei za saruji za enzi zake, na mwisho tutajikuta tunachangia harusi. Hii isomeni wenyewe, kisha msomeeni Mama sehemu zinazomhusu. Za fedha mziruke.

Picha za bafu letu mmeziona, na nimesikia Rehema ameshasema, "Kama wifi na mumewe wameweza, sisi hapa Tabata tunashindwa nini?" Nimefurahi. Miguu ya Mama si ile ya zamani, na lile bafu lenye kizingiti kirefu na sakafu ya kuteleza linanikosesha usingizi. Lakini picha zinaonyesha marumaru tu. Ngoja niwaeleze yaliyo chini yake, kwa sababu huko ndiko pesa yetu nyingi ilikoishia, na huko ndiko nataka hii ninayotuma nayo ikaishie.

Kwanza mjue kwamba tulifanya wenyewe kwa sababu ya umaskini, si kwa ufundi. Fundi huku hashikiki. Wawili waliokuja kutazama walitaja hela ambayo hapo nyumbani ungemwaga jamvi, yaani zege la sakafu, la nyumba nzima na chenji ikabaki. Shemeji yenu akacheka, akawasindikiza hadi mlangoni, kisha akaenda kununua nyundo.

Nyumba za huku si tofali na zege kama zetu. Hii yetu ni ya zamani, sakafu ya juu ni mbao, na baadhi ya kuta za ndani ni jipsamu. Na kabla hujagonga kitu lazima ujihakikishie kuhusu asbestosi, maana Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 tu, kwa hiyo nyumba zilizotangulia zinaweza kuwa nayo kwenye dari, kwenye vigae vya sakafuni, hata kwenye tangi la choo. Tulipeleka vipande maabara, majibu yakaja safi, ndipo tukaanza kubomoa. Kama pale uani bado kuna yale mapaa ya kijivu ya zamani, msiyakate wala msiyavunje. Vumbi lake linaua mapafu taratibu.

Basi, tulipong'oa marumaru za sakafuni tukakuta marumaru nyingine. Tukang'oa na hizo, tukakuta ubao mweusi, umelowa, ukiuchoma kwa bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Aliyeishi humu kabla yetu alikuwa akiona maji yanavuja anapaka silikoni, anapachika marumaru nzuri juu, maisha yanaendelea. Bafu linang'aa, chini boriti zinaoza. Tulikata mbao zote mbovu, tukaweka mpya, na kwa wikiendi nyingi tulikuwa tunaoga kwa jirani.

Hamisi, marumaru haizuii maji. Marumaru yenyewe, hasa zile ngumu za poselini, hainyonyi maji hata kwa asilimia moja, lakini ile grauti, yaani saruji laini ya kujazia nafasi za katikati, inanyonya. Kila mtu akioga, maji kidogo yanapita kwenye zile njia, yanakaa kwenye saruji ya chini, kisha yanatafuta pa kutokea. Sasa nikuulize: ule ukuta wa chumba cha Mama unaobanduka rangi na kutoa chumvi kila mwaka, ambao siku zote tumesema ni hewa ya bahari, nyuma yake kuna nini? Bafu. Tabata na bahari wapi na wapi!

Kwa hiyo msibandike marumaru mpya juu ya za zamani, hata fundi akiapa kwamba kila mtu anafanya hivyo. Bomoeni mpaka kwenye jamvi. Hiyo kazi mnaiweza wenyewe, mkivaa miwani na viatu vya kufunika vidole. Kisha mwagieni upya zege la sakafu kwa mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa, msikubali wa pwani kwa sababu tu ni rahisi. Pima maji itawaambia kama mteremko upo, lakini mimi naamini zaidi gololi. Sisi tuliazima ya mtoto: unaiweka kwenye kona, unaiachia, unatazama. Ikienda moja kwa moja kwenye tundu, sawa. Ikisita katikati au ikijizungusha na kutulia, hapo ndipo maji yatakaposimama na ndipo Mama atakapoteleza. Jaribuni kila kona, na pale nyuma ya mlango pia, maana huko hakuna fundi anayeangalia.

Zege likishakauka, pakeni dawa ya kuzuia maji. Ile ya kupaka kwa brashi, mikono miwili, yaani mnapaka mara mbili, wa pili ukatize wa kwanza, na kwenye pembe za sakafu na ukuta muweke kile kitambaa chake maalumu, kwa sababu pembe ndizo hupasuka kwanza. Ipande ukutani kama shubiri moja kuzunguka chumba chote, na upande wa kuogea ifike juu ya kichwa cha mtu. Fundi atawaambia amechanganya ya unga kwenye saruji, inatosha. Haitoshi.

Halafu jaribuni kwa maji, na hili sitaki mjadala. Zibeni tundu, jengeni ukingo mdogo mlangoni kwa mfuko wa mchanga, jazeni maji vidole viwili hivi, pigeni alama ya penseli ukutani, muache saa 24. Pembeni wekeni beseni la maji lenye alama yake. Beseni likipungua sawa na sakafu, ni joto la Dar limekunywa. Sakafu ikipungua zaidi, kuna mahali panavuja, na mtashukuru mmejua kabla ya kubandika. Nipigieni picha sakafu ikiwa imejaa maji. Hiyo ndiyo picha ninayoitaka, ya marumaru mtanitumia mkipenda.

Mabomba na umeme waachieni mafundi. Huku pia, pamoja na ubishi wote wa shemeji yenu, nyaya alizigusa fundi mwenye cheti. Bomba za PPR, zile za plastiki ngumu, zinachomelewa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, na kiungo kilichochomwa vibaya kwa nje kinaonekana kizuri tu. Mwambieni fundi bomba afungue maji, yashinde na presha usiku kucha kabla hajafukia kwa plasta. Na kabla ya plasta pigeni picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imewekwa kando ya bomba, ili siku ya kufunga ukutani vishikizo vya Mama kujishikilia msiende kutoboa bomba. Koki msinunue zile nyepesi zenye kung'aa. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, yanazila haraka. Chukueni za shaba nzito hata kama hazivutii machoni.

Tangi la choo liwe la vitufe viwili, cha maji mengi na cha maji machache. Ya zamani yalikuwa yanameza lita 9 kila ukivuta. Huku tangu mwaka 2001 choo kipya hakiruhusiwi kuzidi lita 6. Kwa nyumba inayonunua maji ya boza wakati wa mgao, hesabu hiyo Rehema ataifanya haraka kuliko mimi. Tukiwa hapo chooni: sisi tulitaka ile hosi ya kujisafishia, tukagundua kanuni za maji za hapa haziruhusu uiunganishe tu na bomba la mtaa bila kinga dhidi ya maji machafu kurudi nyuma, na kinga yenyewe ni ghali. Kwa hiyo katika bafu letu jipya, karibu na choo cha kisasa, limekaa kopo. Jekundu. Mgeni wa Kiingereza aliwahi kuuliza kama ni la kumwagilia maua.

Kimo cha choo msikichukulie kirahisi. Cha wenye ulemavu huku kinakaliwa kwenye sentimita 48, na magoti yenye maumivu yanapenda kimo hicho, lakini Mama si mrefu. Mkalisheni kwenye viti tofauti, pale nyayo zinapokanyaga vizuri na anapoinuka bila kuguna, pimeni kimo hicho, mwende nacho dukani. Kile kizingiti kiondoeni kabisa. Sakafuni chagueni marumaru ndogo zenye mkwaruzo. Mistari mingi ya grauti inashika mguu. Zile kubwa za kung'aa, ambazo najua Rehema ameshaziona Kariakoo, ziwekeni ukutani.

Na fundi akibandika, simameni hapo hapo. Wengi huweka mabonge matano ya saruji, wanagandamiza, wanasonga mbele. Chini panabaki tupu, na kitu kizito kikianguka hapo marumaru inapasuka. Asambaze kote kwa mwiko wenye meno. Kesho yake mgonge kila moja kwa sarafu. Ikilia tupu, ing'olewe kabla hajalipwa, si baada.

Ugomvi hautakosa. Mimi na shemeji yenu tumeishi kwa amani miaka yote, tukaja kununiana kwa ajili ya rangi ya grauti. Alitaka nyeupe. Nikamwuliza nani ataisugua, akanyamaza, tukaweka ya kijivu.

Pesa nimemtumia Rehema kwenye simu. Hamisi, usinune. Wewe ukipelekwa kwenye maduka ya vifaa ya mtaa wa Gerezani na hela mfukoni utarudi na grinda. Ni ya kubomoa, zege, dawa ya kuzuia maji na mabomba. Ya marumaru nitatuma nikishaona ile picha ya maji. Anzeni sasa, vuli haijakolea, zege lipate muda wake.

Ila kabla hamjanunua choo, nipimieni kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la choo pale sakafuni, na mnihakikishie kwamba linatokea sakafuni kweli, si ukutani. Vingi madukani vinataka sentimita 30, na aliyejenga nyumba ile simkumbuki kama mtu wa kupima. Na mwulizeni Mama kishikizo akae nacho mkono gani, kulia au kushoto. Atasema "popote tu, mwanangu". Msikubali, mwambieni nasubiri jibu.

Dada na wifi yenu,
Mama Salma